Kiswahili mbele ya mashine inayosoma sentensi: mazingatio juu ya Inform 7

Mtu aliyezoea kuiandikia kompyuta kwa alama, mabano na maneno yaliyokatwakatwa, akifungua kwa mara ya kwanza matini ya Inform 7, hudhani ameletewa karatasi isiyo yake. Mbele yake hakuna kinachofanana na programu. Kuna maelezo ya nyumba: jiko ni chumba, bustani ipo kaskazini mwa jiko, meza imo jikoni, taa ipo juu ya meza. Yote hayo yameandikwa kwa Kiingereza, kwa sentensi kamili zenye herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni. Hata hivyo karatasi hiyo ndiyo programu yenyewe. Mashine huisoma, huijenga nyumba hiyo katika kumbukumbu yake, kisha humruhusu msomaji kuingia, kuichukua taa na kutoka nayo bustanini.

Hadithi zinazotungwa kwa chombo hicho zinaweza kuitwa kwa Kiswahili hadithi za kujibizana. Kompyuta hueleza mahali. Msomaji huandika analotaka kutenda. Kompyuta humjibu kwa kueleza lililotokea. Asili yake ni Marekani. William Crowther, mtunga programu aliyekuwa pia mpenzi wa kuchunguza mapango, aliandika hadithi ya kwanza iliyovuma katikati ya miaka ya 1970, na Don Woods akaipanua mwaka 1977. Mwaka huo huo kundi la watu wa chuo cha MIT lilianza kutunga Zork, na mwaka 1979 likaanzisha kampuni ya Infocom. Graham Nelson, Mwingereza aliye mtaalamu wa hisabati na mshairi, alitoa Inform ya kwanza mwaka 1993 pamoja na hadithi yake Curses. Hadi toleo la sita Inform ilikuwa lugha ya programu kama nyingine, yenye mabano na nukta-mkato. Toleo la saba, lililotolewa mwaka 2006, liliuacha mtindo huo. Tangu hapo mtungaji huandika sentensi, na programu iitwayo kompaila, yaani ile inayogeuza maandishi ya mtu kuwa amri za mashine, huzichanganua kama mwanafunzi wa sarufi achanganuavyo aya aliyopewa na mwalimu.

Hoja ya Nelson haikuwa kwamba kila programu iandikwe hivyo. Hakuna anayependekeza hesabu za benki ziandikwe kwa nathari. Hoja yake ilihusu hadithi: kazi ambayo tangu mwanzo hadi mwisho ni maneno, ambayo mada yake ni watu, mahali na vitu, na ambayo watungaji wake wengi wametoka katika fasihi. Emily Short, mwandishi Mmarekani aliyeshirikiana naye kwa karibu, ametunga mingi kati ya mifano ya kufundishia chombo hicho, na mwaka 2012 alitoa kwa Inform 7 hadithi iitwayo Counterfeit Monkey, ambamo mhusika ana kifaa cha kuondoa herufi katika majina ya vitu, na kitu hugeuka kuwa kile ambacho jina lililobaki linakitaja. (Kwa Kiswahili mchezo huo ungekuwa na hatari zake: moto ukinyang'anywa o moja huwa mto.)

Wako waliopinga wazo lenyewe zamani kabla ya Inform 7. Mholanzi Edsger Dijkstra, katika maandishi yake ya mwaka 1978, alishikilia kwamba alama rasmi si mzigo anaotwishwa mtunga programu, bali ni kinga, kwa kuwa zinazuia upuuzi ambao mtu huusema kwa urahisi kabisa katika lugha yake ya mama bila kuutambua. Anayejifunza Inform 7 hupata haraka fursa ya kuona alichomaanisha.

Akiandika kwamba taa ipo juu ya meza, anaeleweka. Akiandika kwamba juu ya meza ilisimama taa, haeleweki, kwani kitenzi "kusimama" hakijafafanuliwa kwa mashine. Akiita kitu kimoja "kalamu na karatasi", mashine hukata jina hilo kwenye kiunganishi na kumpa vitu viwili. Akiweka tunda mezani bila neno zaidi, msomaji atakayejaribu kulila atazuiwa, kwa maana mashine haijui kwamba tunda huliwa mpaka iambiwe. Sentensi inafanana na Kiingereza, lakini nyuma yake hakuna ule ujuzi wa dunia ambao Mwingereza huutegemea anapoongea na Mwingereza mwenzake. Ndiyo maana watu wengi wamesema kwamba lugha hiyo ni rahisi kuisoma kuliko kuiandika. Katika lugha yenye alama mtu hujua kwamba hajui, akaenda kutazama kitabu. Hapa hujiona anajua.

Jambo jingine humtatiza mtunga programu stadi kuliko linavyomtatiza asiyejua programu. Amezoea kwamba amri iliyoandikwa kwanza hutekelezwa kwanza. Katika Inform 7 kanuni hupangwa na mashine yenyewe, isipokuwa mtungaji akiagiza vinginevyo: kanuni mahususi hutangulizwa mbele ya kanuni ya jumla, hata kama iliandikwa ukurasa wa mwisho. Kanuni ya kukataza kuchukua kitu chochote cha bibi itaipisha kanuni inayohusu mkongojo wake. Mwanaisimu hatashangaa. Pāṇini alizipanga kanuni za Kisanskriti kwa msingi wa namna hiyo zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, na kila anayefundisha ngeli za Kiswahili huutumia hata asipoutaja. Kanuni ya jumla yasema kwamba jina la ki- huleta upatanisho wa ki-. Kanuni mahususi ya viumbe hai huiondoa. Kwa hiyo kiboko wa mtoni amelala, na kiboko cha kuchapia kimekatika. Neno ni lile lile, na upatanisho ndio unaomwambia msikilizaji ni kipi kinachosemwa.

Mfano huo unaleta swali ambalo wasomi wa Kiswahili wana haki ya kuliuliza. Ikiwa mashine inaweza kusoma sentensi za Kiingereza na kuzijengea dunia, je, sentensi za Kiswahili zingeifaa zaidi au zingeikwaza? Jibu halipatikani kwa kuisifu lugha, bali kwa kuchukua sentensi moja moja na kutazama nini hasa mashine huhitaji kutoka kwayo.

Ichukuliwe kwanza kazi ya kitenzi kishirikishi. Kiingereza hutumia neno moja, "is", kwa mambo matatu ambayo kompaila ya Nelson inapaswa kuyatenganisha: aina ya kitu (jiko ni chumba), mahali kilipo (taa imo kabatini), na hali yake (mlango umefungwa). Ili ijue ni lipi kati ya hayo, inalazimika kutazama maneno yanayofuata. Kiswahili sanifu kimekwisha kugawa kazi hiyo: ni kwa aina, -po, -ko na -mo kwa mahali, na mara nyingi kitenzi chenye -me- kwa hali. Zaidi ya hayo, -mo yenyewe ni ushahidi. Inform hukisia aina ya kitu kutokana na namna kinavyotajwa. Kitu kikisemwa kuwa juu ya kingine, hicho cha chini huhesabiwa kuwa kibebeo, yaani kitu kinachoweza kuwekewa vingine juu yake. Kwa Kiswahili, "embe limo kikapuni" ingetosha kuiambia mashine kwamba kikapu kina ndani.

Ije sasa nafasi ya vibainishi vya majina. Katika Inform, mtu akitajwa mwanzoni bila "a" wala "the", mashine humhesabu kuwa na jina la pekee: Mary yuko jikoni. Akitajwa na kibainishi, ni mlinzi fulani, ni mpishi fulani. Kiswahili hakina vibainishi hivyo. "Yupo" na "ipo" hutenganisha mtu na kitu, jambo ambalo Kiingereza hakiwezi, lakini "Maria yupo mlangoni" na "mlinzi yupo mlangoni" zina umbo moja. Herufi kubwa ya Maria ingesaidia, ila sentensi ikianza kwa "Mlinzi" msaada huo hupotea. Hapa mtunga sarufi angelazimika kubuni njia, pengine kudai sentensi ya utangulizi isemayo kwamba Maria ni jina la mtu.

Upatanisho wa kisarufi ndio mali kubwa zaidi. Kwa Kiingereza, msomaji akiandika amri ya kuchukua "it", mashine hudhani kinachosemwa ni kitu kilichotajwa mwisho, na mara nyingi hukosea. Kwa Kiswahili, chumbani mkiwa na kiti, taa na embe, amri "kichukue", "ichukue" na "lichukue" haziwezi kuchanganywa. Neno moja limebeba tendo na kitu pia. Tatizo ni kwamba limevibeba ndani yake. Mashine iliyotungwa kwa Kiingereza hugawanya amri penye nafasi baina ya maneno, nayo "kichukue" haina nafasi. Watungaji wa Kihispania wamelijua tatizo hili, kwani kiwakilishi chao hugandamana na kitenzi cha amri kwa nyuma. Iliwabidi waweke hatua ya kukata neno kabla ya uchanganuzi kuanza. Kwa Kiswahili kisu kingepita mbele ya shina, na kingehitaji kujua mahali pa kukata: "kimbia" haina kiambishi ki- cha kitu chochote, wala "limia" haimhusu embe.

Hali kadhalika katika majibu ya mashine. Msomaji wa Kiingereza akichukua chochote, Inform humjibu kwa neno moja ambalo halibadiliki. Kwa Kiswahili ni lazima iamuliwe: imechukuliwa, kimechukuliwa, yamechukuliwa. Kila kitu katika hadithi kitapaswa kuandikishwa na ngeli yake, kama vile katika matoleo ya Kifaransa kila kitu huandikishwa na jinsia yake. Si kazi ngumu. Ni kazi ya uvumilivu.

Faida ya upatanisho huonekana tena katika vishazi rejeshi. "Embe lililomo kikapuni lililooza" na "embe lililomo kikapuni kilichooza" ni mambo mawili, na hakuna Mswahili atakayeyachanganya, ilhali Kiingereza kingeweza kuacha shaka juu ya kipi kilichooza. Lakini isisahauliwe kwamba faida hiyo hudumu pale tu majina yanapotofautiana kwa ngeli. "Taa iliyopo juu ya meza iliyovunjika" haimwambii mtu yeyote, seuze mashine, ni ipi iliyovunjika.

Palipo na mtego mkubwa ni katika nyakati, na hapa anayefasiri Inform neno kwa neno angeharibu kazi yote. Chombo hicho hutambua nyakati nne katika masharti yake, na kila moja imepewa maana kali. Wakati uliopo ni hali ilivyo sasa. Wakati uliopita ni hali ilivyokuwa mwanzoni mwa zamu hii ya mchezo, kabla amri ya msomaji haijatekelezwa. Hali timilifu, ile ya "has been", humaanisha kwamba jambo limepata kuwa kweli angalau mara moja tangu hadithi ianze, hata kama sasa si kweli tena. Ya nne ni hiyo ya tatu ikitazamwa kutoka mwanzoni mwa zamu. Vitabu vya shule humfundisha mwanafunzi kwamba hali timilifu ya Kiingereza ni -me- ya Kiswahili. Basi ataandika: "ikiwa mlango umefungwa". Sentensi hiyo ni safi, na ni kosa. Kwa Kiswahili mlango uliofungwa asubuhi ukafunguliwa mchana "haujafungwa" kamwe jioni ile, umefunguliwa. Pamoja na vitenzi vya namna hii, -me- hueleza hali iliyobaki baada ya tendo, yaani hali ya sasa. Anachotaka mtungaji ni "ikiwa mlango umewahi kufungwa" au "umepata kufungwa". Tofauti kati ya "umefungwa" na "umewahi kufungwa", ambayo mazungumzo huipita kwa sababu muktadha huiokoa, kwenye mashine ndiyo tofauti kati ya hadithi inayoendelea na hadithi iliyokwama chumbani.

Ni vigumu kupata zoezi bora kuliko hilo kwa darasa la sarufi. Mwanafunzi anayeeleza -me- kwa mwalimu wake anaweza kujificha nyuma ya istilahi. Mashine haisomi istilahi. Inafungua mlango au haifungui.

Hadi hapa Kiswahili kilichozungumziwa ni sanifu, kile cha vitabu. Anayeketi Lubumbashi na kuiandikia mashine amri huenda asikitumie. Kiswahili cha mji huo, ambacho Edgar Polomé alikichapishia maelezo mwaka 1968 na ambacho watafiti kadhaa wamekichambua tangu wakati huo, kina sarufi yake. Wingi wa kintu ni bintu; mtu husema "batoto yangu"; na -ko hubeba kazi ambazo sanifu imezigawa: "baba iko mwalimu", "taa iko yulu ya meza", "taa iko mu kitunga". Mazoea ya shuleni ni kuyaita hayo makosa na kuyasahihisha kwa kalamu nyekundu.

Mbele ya kompaila ya Nelson mambo yanageuka kwa namna isiyotarajiwa. "Iko", inayoeleza aina na mahali pia, inafanya kazi ile ile ya "is" ya Kiingereza, na uchanganuzi uliokwisha kutungwa ungeipokea bila kubadilishwa sana. "Mu kitunga" ni maneno mawili yenye nafasi kati yake, tofauti na "kikapuni", ambayo inadai kukatwa kiambishi cha mwisho na kuangaliwa isije ikawa ni neno kama "sabuni". Katika mambo hayo mawili Kiswahili kinachodharauliwa kingeingia mashinini kwa urahisi kuliko kinachosifiwa. Lakini hasara yake nayo ni ya kweli: pale "yangu" na "yote" zinapotumika kwa kila jina bila kutazama ngeli, msaada wa upatanisho unapungua, na mashine inarudi kwenye kukisia kama inavyokisia kwa Kiingereza.

Kwa upande wa msomaji anayecheza, ugumu si mkubwa. Inform ina sentensi maalumu ya kuiambia mashine kwamba neno fulani lichukuliwe kuwa ni jina jingine la kitu kilichokwisha kutajwa. Kwa mstari mmoja kikapu kitaitika pia kikiitwa kitunga, na vitu vikiitwa bintu. Hata pande za dunia zinaweza kuongezewa majina. Na huenda ikafaa, kwani kaskazini na kusini zina majina ya pepo za Bahari ya Hindi, ambazo hakuna aliyewahi kuzipima barabarani Lubumbashi.

Kwa upande wa mtungaji hakuna mstari mmoja utakaotosha, maana hapo kinachochaguliwa ni sarufi nzima. Njia ipo wazi kwa atakayejaribu. Mwaka 2022 matini ya Inform 7 yenyewe ilitolewa hadharani, ikiwa imeandikwa kwa mtindo wa kusomwa na watu, na kanuni za sintaksia ya Kiingereza zimewekwa katika faili zinazoweza kutazamwa kama mtu atazamavyo jedwali la sarufi. Kuziandika upya kwa Kiswahili kungekuwa kazi ya miaka, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya wanaisimu kuliko ya watunga programu: kuamua vitenzi gani vya hali hukubali -me- kwa maana ya sasa, viambishi gani vya amri vikatwe na vipi viachwe, -po na -ko zitenganishwe au zihesabiwe kuwa kitu kimoja.

Na ipo sehemu ndogo ambayo pengine ingeahirishwa hadi mwisho. Inform 7 isipoielewa sentensi humrudishia mtungaji maneno yake jinsi alivyoyaandika, kisha humweleza kwa nathari kwa nini haikuweza kuyatumia. Atakayetunga sarufi ya Kiswahili atapaswa kuutunga ujumbe huo pia. Itambidi aamue amwambie nini mtu aliyeandika "taa iko mu kitunga": kwamba amekosea, au kwamba sarufi ya mashine bado haijafika anapoishi.